Tulibadilisha Majina, Tukamsahau Ng'ombe

Jumapili, jioni. Manyunyu tangu alfajiri, na mlima sijauona leo hata kidogo, umejifunika mawingu kama mgonjwa wa malaria alivyojifunika blanketi.

Moyo wangu nao hauko sawa. Najua wengi mnaoingia hapa leo mmekuja kunipongeza, na asanteni sana. Ni kweli. Binti yangu Eliapenda, Eli wangu, tangu jana mchana ndiye bloga namba moja Tanzania nzima. Si Arusha. Si kanda ya kaskazini. Nchi nzima, pamoja na watu wa Dar es Salaam na majigambo yao.

Hiyo sentensi nilikuwa nimeingoja muda mrefu. Sasa nimeiandika na moyo haukushtuka.

Kwa aliye mgeni hapa: mimi ni Mama Eli, mkulima wa ndizi na mboga, huku juu ya Maji ya Chai. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kuandika naandika, na kuongea ndiyo usiseme. Blogu hii alinifungulia Eli mwenyewe, ili nisiwe nampigia simu kila ninapokuwa na neno. Yeye anakaa mjini, Levolosi, na kazi yake ni kuandika visa vya huku kwetu mlimani. Watu wanavipenda mno. Na visa vyenyewe, ngoja niseme ukweli, vingi vinatoka kinywani mwangu. Akija nyumbani tunakaa jikoni tunamenya ndizi, mimi naongea, yeye anacheka mpaka anaangusha kisu. Akirudi mjini anaandika. Nikisoma najisikia mimi mle ndani, na raha ninayoipata hapo sijui niifananishe na nini.

Sasa, kuna mtandao mmoja unaopanga mabloga kumi wanaosomwa zaidi. Namba zinapanda na kushuka kila siku mpaka wafunge hesabu. Eli alikuwa wa tisa. Mimi nikiamka, kabla sijawasha moto, nawasha simu niangalie namba. Grupu la akina mama wa usharika nililichosha kabisa. "Jamani, mmefungua ukurasa wa Eli leo?" Mama mchungaji akanijibu mbele ya wote, "Mama Eli, tumefungua. Hata simu ya marehemu baba tumeichaji tukafungulia."

Walicheka. Mimi nikajibu, "Mungu awabariki, fungueni tena kesho."

Halafu Eli akaandika kisa cha ng'ombe. Tisa ikawa nne. Nne ikawa mbili.

Kisa chenyewe ni cha mke na mume wanaokaa nyumba moja lakini mwaka mzima hawaongeleshani. Wakiwa na la kuambiana, wanamwambia ng'ombe. Mume anasimama mlangoni mwa banda: "Kamati, mwambie huyo mama shati langu halina kifungo." Mke anakamua, hageuki: "Kamati, mwambie huyo baba kifungo kipo, uzi ndio umeisha." Jamani, watu walicheka nchi nzima. Walikuwa wanaandika chini yake, "Na mimi nitafute ng'ombe, mume wangu hasikii." Nilisoma komenti hizo nikiwa nimekaa kwenye gogo nje, majivu ya jikoni mkononi, nacheka peke yangu.

Mke huyo ni Mama Ndeshi.

Ni jirani yangu, ua kwa ua. Tuliolewa huku mwaka mmoja. Nilipojifungua Eli, yeye ndiye aliyenipikia mtori wa ndizi na nyama mpaka nikasimama. Siri ile aliniambia siku moja nyuma ya banda, akicheka na kufuta macho kwa kanga, vyote kwa pamoja. Mimi nilipofika jikoni na Eli, nilibeba kicheko tu. Macho yale nikayaacha bandani.

Eli ni msichana makini, hilo nalisema bila aibu. Alibadilisha kila kitu. Mama Ndeshi akawa Mama Rozi, Baba Ndeshi akawa Baba Rozi, na mlima wetu akauhamishia Mbeya. Kofia ya mzee ilikuwa ya kahawia, akaifanya nyeusi. Alinisomea kwa simu kabla ya kuweka, nikamwambia, "Mwanangu, hapo hata shetani hatambui mtu."

Tukamsahau ng'ombe.

Huku kwetu kila mtu anajua ng'ombe wa kila mtu. Na huyu zaidi. Alitoka kwenye kikundi chetu cha akina mama, kile cha kupewa mtamba, naye akizaa jike unampa mwenzio. Kamati ya kikundi ilikaa siku nzima ikigombana nani apewe kwanza, mpaka mwenyekiti akalia. Ng'ombe alipofika kwa Mama Ndeshi jioni, mwenyewe akasema, "Jina lake ni Kamati, kwa sababu ameniumiza kichwa kabla hajaingia bandani." Mlima mzima ulicheka. Hakuna Kamati mwingine kutoka hapa mpaka Tengeru, na ukienda mbele zaidi hakuna.

Mimi na Eli tulimzoea mno. Kwetu lile ni jina la ng'ombe tu. Halikutupitia kichwani kwamba lingeweza kumtaja mtu.

Alhamisi Mama Ndeshi alishuka na ndizi sokoni Maji ya Chai. Vijana wa bodaboda wakamsimamisha barabarani. "Shikamoo mama! Kamati hajambo?" Akajibu hajambo, akidhani ni heshima. Mwingine akasema, "Kamati, mwambie mama apande, nampeleka bure!" Wakacheka mpaka wakaegemea pikipiki zao. Akauliza mna nini leo nyie watoto. Mmoja akafungua simu akamsomea, kisa kizima, pale barabarani, mabasi yakipita.

Ijumaa asubuhi akaja kwangu. Nilimwekea kigoda, hakukaa.

"Mama Eli, nilimwambia nani mwingine?"

Nikamsogezea kigoda karibu zaidi.

"Nakuuliza. Nilimwambia nani mwingine, mimi?"

Nikasema, "Mama Ndeshi, majina yamebadilishwa."

Aliniangalia, na jinsi alivyoniangalia siiandiki. Akasema mzee wake yuko Moshi kwa kaka yake mgonjwa, anarudi Jumamosi jioni kwa basi. "Akifika, kitu hicho kisiwepo." Akaanza kuondoka, akarudi hatua moja. "Na kama ulitaka kusema, ungesema yote. Umewapa ng'ombe wacheke. Kahawa umeificha."

Hapo alinipata.

Kwa msiotoka huku, niwaeleze. Kwetu kahawa ni ya baba. Ndizi ni za mama, maziwa ni ya mama, lakini mti wa kahawa mwanamke anapalilia tu na kuchuma, mwenye neno ni baba. Miti ya Baba Ndeshi ilipandwa na baba yake. Mwaka jana mzee alilazwa muda mrefu, na nyumbani hakukuwa na kitu. Kahawa ilikuwa imezeeka, haizai. Mama Ndeshi akaita watu wa panga, akaikata yote, akapanda kabichi. Hizo kabichi ndizo zilizolipa hospitali zikamrudisha mzee nyumbani. Lakini hakumuuliza. Alisema angeuliza, angekataliwa, na yeye hakutaka kuzika mtu kwa ajili ya miti. Mzee alipotoka hospitalini alisimama shambani na fimbo yake, akaangalia. Akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakumwambia mkewe neno.

Hiyo yote niliijua. Jikoni na Eli sikuisema, kwa sababu ingeharibu utamu.

Nikampigia Eli. Sauti yake ikabadilika hapo hapo. "Mama, nikifuta leo narudi mkiani. Kesho saa sita mchana wanafunga hesabu. Nimebakiza kidogo tu kumpita huyu wa kwanza." Kisha akasema, "Lakini yule ni mama yangu pia. Ukisema futa, nafuta. Sema wewe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ua wa Mama Ndeshi naouona kutoka pale.

Nikasema, "Basi la mzee ni la jioni. Ngoja saa sita ipite, halafu ufute."

Nilijiona nimetumia akili. Mtoto atapata namba yake, jirani atapata alichoomba, na mzee hatajua. Usiku nililala vibaya, lakini nililala nikijihesabia kuwa mwenye akili.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kando ya njia nikamwona Baba Ndeshi anapanda mlima kwa miguu, begi mkononi. Alikuwa amepata lifti ya gari la ndugu mmoja wa kanisani, wakamshusha Maji ya Chai, pale pale penye pikipiki. Sikuhitaji kuuliza kama wamemsalimia. Kofia alikuwa ameishika mkononi, na Baba Ndeshi kofia haivui njiani.

"Karibu, Baba Ndeshi. Habari za Moshi? Mgonjwa anaendeleaje?"

Aliniangalia, akapita.

Huyu ni mtu ambaye hata nikiwa nimefungiwa ndani na mafua anasimama uani aite, "Mama Eli, umeamkaje?" Nikabaki na majani yangu, mundu mkononi. Siku nzima nilisikiliza upande ule wa ua. Hakuna aliyefoka, hakuna aliyelia. Hata na ng'ombe hakuzungumza mtu.

Ilipofika saa sita simu ikalia. "Mama! Mama! Namba moja!" Eli analia, wenzake huko Levolosi wanapiga makofi. Nilifungua mdomo nipige vigelegele, maana nimevitunza vigelegele hivyo miezi, vikakwama. Mama Ndeshi alikuwa anapita na ndoo ya maziwa upande wa pili wa ua.

Nikamwambia Eli kwa sauti ya chini, "Hongera mwanangu. Sasa futa."

Akasogea mbali na makofi. "Mama, wamenipigia wale wa mtandao. Jumatatu asubuhi wanaweka kisa cha mshindi ukurasa wa mbele, na wamechagua hicho hicho. Kisipokuwepo, namba moja anapewa wa pili. Tungoje Jumatatu, tafadhali mama. Si ameshajua?"

Si ameshajua. Na mimi nilikuwa nimeshawaza neno hilo kabla yake.

Nikanyamaza. Yeye akachukulia nimekubali, na mimi nikamwacha achukulie hivyo.

Leo kanisani nilipongezwa kuanzia mlangoni. Wengine walinikumbatia. Mama mchungaji akasema, "Simu ya marehemu imezaa matunda!" Nikacheka, lakini jicho langu lilikuwa benchi la wazee wa kanisa. Baba Ndeshi alikuwepo, wima, kama kila Jumapili.

Baada ya ibada tunatoka nje kwa mnada. Asiye na fedha hutoa sadaka ya mazao, mkungu, mayai, kuku, nasi tunanadi hapo hapo nje ya kanisa. Mnadi wetu ni Baba Ndeshi, siku zote. Nyumbani hasemi, lakini mpe mkungu wa ndizi mbele ya watu uone: atausifia mpaka aliyeuleta atamani kuununua mwenyewe.

Leo alianza na jogoo. Akamwinua. "Jogoo huyu, ndugu zangu, angalieni miguu..."

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Mzee, tumuulize Kamati kwanza!"

Kicheko kilianzia kwa vijana, kikapita kwaya, kikafika kwa watu wazima. Wengine walijiziba mdomo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Baba Ndeshi alisubiri kiishe, hakikuisha. Akamweka jogoo mezani, miguu yake imefungwa kamba. Akatoka kati ya watu, akaenda kusimama kwenye michongoma ya uzio, amewapa watu mgongo. Sasa ndipo kicheko kikakatika. Mchungaji anaangalia viatu vyake. Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa anahangaika.

Nikajiambia, simama, Mama Eli. Wewe unayeongea harusini, msibani na kwenye vikao vya shule, simama useme kisa kimetoka kwako na nusu yake uliificha. Niliushika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Sikusimama.

Aliyesimama ni Mama Ndeshi. Mwanamke huyu hata kikundini kwetu huongea kwa kumnong'oneza wa pembeni yake. Alikwenda mpaka mezani, akamchukua jogoo.

"Kahawa ya mume wangu niliikata mimi," akasema. "Miti ya baba yake. Yeye amelazwa, mimi nikaikata, na sikumuuliza. Ndiyo maana haniongeleshi. Hiyo hamkuandikiwa."

Akamwinua jogoo juu.

"Haya. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Nani angeanza? Watu wazima tulikuwa tunaangalia chini kama watoto waliovunja chungu.

"Elfu kumi."

Sauti ilitoka michongomani. Baba Ndeshi alikuwa amegeuka.

Mama Ndeshi akamgeukia. "Elfu kumi. Nani zaidi?" Akawatazama wote. "Elfu kumi mara ya kwanza."

"Kumi na mbili," akasema Baba Ndeshi.

Yule kijana akajisahau. "Mzee, unajipandishia bei mwenyewe!" Mama yake akampiga kofi la kisogo, likasikika mpaka madhabahuni.

"Kumi na mbili," akasema Mama Ndeshi, anamwangalia mumewe. "Mara ya kwanza."

"Kumi na tano."

"Baba Ndeshi, hela hiyo unayo?"

"Ninayo."

Mwaka mzima, na neno la kwanza kwa mkewe ni bei ya jogoo.

Alikuja mezani, akalipa, akampokea jogoo mikononi mwa mkewe, akavaa kofia yake, akaondoka peke yake. Hakutabasamu. Msinielewe vibaya, hakuna aliyekumbatiana. Mama Ndeshi alibaki akanadi mayai na mikungu mpaka mwisho, na alinadi vizuri. Mimi nilinunua mayai kwa bei ya kijinga. Hakunitazama alipokuwa ananipa.

Nilimsubiri getini.

"Eli amekuwa wa kwanza?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Hongera."

Nimepewa hongera nyingi tangu jana. Hiyo ndiyo iliyoingia. Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono. "Kitu hicho kitoke leo. Halafu uandike wewe, kwenye hiyo yako. Kahawa iwemo. Hukuisahau, Mama Eli. Uliiacha."

"Na Baba Ndeshi je, nikiandika?"

"Yeye niachie mimi."

Nilipofika nyumbani sikuvua hata gauni la kanisani. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Futa, mwanangu. Sasa hivi."

"Mama. Ni namba moja."

"Nimesikia."

"Hiyo namba wewe umeitaka kuliko mimi, unajua?"

"Najua. Futa."

Nikasikia magari ya Levolosi yakipiga honi dirishani kwake. Kisha akasema, "Imetoka." Akakata simu bila kuniaga, mtoto ambaye huniaga mara tatu.

Nimeangalia, ni kweli haipo. Kwa hiyo ninyi mliokuja kunipongeza, mmenikuta shangwe zimekwisha. Kesho asubuhi namba moja atakuwa mtoto wa mwenzangu mwingine, naye nampa hongera, apige vigelegele vyake. Lakini aliyekuwa wa kwanza nchi nzima kwa siku moja na kitu, kisha akaiachia namba kwa mkono wake mwenyewe, nimemzaa mimi, hapa hapa mlimani, na hilo nitalisema sokoni mpaka wanichoke.

Haya yote nimemtumia Mama Ndeshi kabla ya kuyaweka hapa. Kuna kipande alisema toa, nimetoa. Halafu akaandika neno moja: "Weka." Hakuongeza lingine, na mimi sikumwomba.

Eli bado hapokei simu. Nitampa usiku wa leo.

Ila Baba Ndeshi hajanijibu salamu ya jana. Kesho asubuhi naingia uani kwake kwa mlango wa mbele, si kwenye ua tulipozoea kuchungulia. Nitamsalimia yeye mwenyewe, usoni, na nitamwambia ile kahawa niliijua. Asipojibu, nitasimama pale pale. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini kesho nikishasema hayo machache nitanyamaza, nimngoje yeye.

Nitaweza?